Vitabu vya picha kuhusu shule za dunia: aina nne na jinsi ya kuchagua

Mzazi au mwalimu anayetafuta kitabu cha picha kinachoonyesha jinsi watoto wa nchi nyingine wanavyokwenda shule hukutana na mchanganyiko. Kipo kitabu kinachowapanga watoto wa nchi saba ubavu kwa ubavu. Kipo cha picha zilizopigwa kwa kamera. Ipo hadithi ya mtoto mmoja, kijiji kimoja, shule moja. Na ipo hadithi ya kweli ya msichana aliyezuiwa kusoma. Ukitazama majalada, vyote vinafanana: watoto, mabegi, tabasamu, pengine na tufe la dunia. Ukifungua ndani, kila kimoja kinamtaka msikilizaji wa aina yake, na mtoto anayeng'ang'ania kimoja asikiachie anaweza kukichoka kingine kabla hajafika katikati.

Nimezilinganisha aina hizo nne, kila moja kwa kitabu halisi kimoja, viwili au vitatu. Vingi viliandikwa kwanza kwa Kiingereza, kwa hiyo nimemfikiria pia mtu mzima ambaye atafungua kurasa na kumsimulia mtoto kwa Kiswahili papo hapo. Hilo linaonekana dogo, lakini linabadilisha uchaguzi.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza ni swali alilonalo mtoto. Umri unasaidia kukisia, lakini swali ndilo linaloamua. Mtoto wa miaka minne au mitano anayekaribia kuanza shule ana swali moja kubwa: na mimi nitaweza? Nitakaa na nani, nani atanichukua jioni? Miaka miwili au mitatu baadaye anauliza mengine: kwa nini wao wanafanya vile na sisi tunafanya hivi? Akifika miaka minane au tisa, anaanza kuuliza habari za haki: nani aliamua kwamba yule asisome? Kitabu kinachojibu swali ambalo mtoto bado hajaliuliza hufungwa mapema, hata kama kina tuzo jaladani.

Cha pili ni ukweli. Je, kitabu kinataja mahali? "Kijiji kimoja nchini Chad" ni mahali. "Mtoto wa Afrika" si mahali. Njia ya haraka ya kukipima kitabu ni kukitazama kinavyoishika kalenda. Japani mwaka wa shule huanza Aprili. Urusi huanza Septemba 1, siku inayoitwa Siku ya Maarifa, na watoto huenda na maua ya kumpa mwalimu. Australia shule hufunguliwa mwishoni mwa Januari au mapema Februari, kiangazi cha huko kinapoisha. Kitabu kinachowarudisha watoto wa dunia nzima darasani mwezi Septemba majani yakipukutika kimeandikwa na mtu ambaye hakuuliza.

Cha tatu ni heshima, na hapa ndipo ninapoweka uzito mkubwa. Mtazame mtoto wa kitabuni anayetoka nchi isiyo na fedha nyingi. Ana jina? Anafanya nini ukurasani zaidi ya kuitazama kamera? Ana mwalimu anayemfundisha kitu mahususi, ana rafiki, ana mchezo anaoupenda, kuna somo linalomshinda? Au amewekwa pale ili sakafu ya udongo ionekane? Umaskini hauna haja ya kufichwa. Lakini mtoto aliyechorwa kama mwanafunzi na mtoto aliyechorwa kama shida ni watoto wawili tofauti machoni pa msikilizaji. Wa kwanza ataulizwa anasoma nini. Wa pili ataonewa huruma, kisha atasahaulika.

Katika kigezo hichohicho, msikilize "wewe" wa kitabuni. Vitabu vingi vya aina hii vilitungwa kwa ajili ya msomaji wa Ulaya au Amerika Kaskazini, na mara nyingine vinamwambia: watoto hawa hawana madawati kama yako, hawana basi kama lako. Mtoto ambaye mwenyewe huenda shule kwa miguu, au anayebanana na wenzake kwenye benchi moja, atasikia kwamba yeye ndiye wa ajabu. Sentensi moja ya namna hiyo inatosha kunifanya nikirudishe kitabu rafuni.

Cha nne ni kusomeka kwa sauti: maneno ni mangapi kwa ukurasa, kuna mfululizo wa kufuata, na je, unaweza kukigeuza kuwa Kiswahili ukiwa unasoma bila kukwama?

Cha tano, kwa ufupi tu: kitabu kitazeeka vipi. Vingine huchakaa habari zake ndani ya miaka michache. Vingine havizeeki.

Aina ya kwanza: watoto wengi ubavu kwa ubavu

*Kinachoonyeshwa.* Mfano ninaoupenda ni This Is How We Do It cha Matt Lamothe, kilichotoka mwaka 2017. Kinafuata siku moja ya watoto saba: wa Italia, Japani, Iran, India, Peru, Uganda na Urusi. Kila unapofungua kurasa mbili, wote saba wanajibu swali moja. Hii ni nyumba yetu. Hiki ndicho ninachokula asubuhi. Hivi ndivyo ninavyokwenda shule. Huyu ni mwalimu wangu. Hivi ndivyo ninavyoandika jina langu.

*Ukweli na heshima.* Nguvu ya mpango huu ni kwamba hakuna mtoto aliyefanywa kuwa kipimo cha wengine. Wote wanaulizwa jambo moja, wote wanapewa nafasi sawa, na mtoto anayesikiliza anajiingiza mwenyewe kuwa wa nane bila kuambiwa. Lamothe alichora kwa kufuata picha ambazo familia zenyewe zilimpelekea, na mwishoni mwa kitabu picha za familia hizo zimewekwa. Mtoto anapofika pale na kugundua kwamba watu aliokuwa akiwatazama wapo kweli, mara nyingi hutaka kurudi mwanzo.

Udhaifu wake unatokana na hapohapo penye nguvu. Mtoto mmoja anabeba nchi nzima mabegani. Msikilizaji mdogo anahitimisha kwamba Warusi wote wanaishi hivi na Waganda wote wanakula vile. Msomaji mzima inabidi aseme "huyu" mara nyingi kuliko "hawa": huyu wa Peru anakwenda hivi, mwenzake wa mjini pengine anakwenda vingine. Kasoro ya pili ni kwamba hakuna tukio. Hakuna aliyepotea, hakuna aliyeogopa, hakuna aliyeshinda. Mtoto anayependa kuuliza "halafu?" hatapata halafu yake.

*Kusoma kwa sauti.* Hapa aina hii inaongoza kwa mbali. Kila mchoro una sentensi moja au mbili, kwa hiyo kusimulia kwa Kiswahili hakukwamishi. Pia si lazima kusoma kwa mpangilio. Unaweza kumchagua mtoto mmoja, tuseme wa India, ukamfuata yeye peke yake kutoka kuamka hadi kulala, kesho ukamfuata wa Iran. Na nafasi ya kuongeza unachokijua ipo. Ukifika kwa mtoto wa Japani, mwambie msikilizaji wako kwamba katika shule nyingi za huko wanafunzi husafisha madarasa wenyewe na kupeana zamu ya kuwagawia wenzao chakula cha mchana. Mtoto ambaye naye hushika ufagio shuleni atafurahi kupata mwenzake mahali asipopategemea.

*Kinamfaa nani.* Watoto wa miaka mitano hadi minane, hasa wanaopenda kulinganisha na kuorodhesha. Kinafaa sana darasani, kwa kuwa watoto thelathini wanaweza kutengeneza kurasa zao kwa maswali yaleyale.

Aina ya pili: picha zilizopigwa kwa kamera

*Kinachoonyeshwa.* Humu ndani kuna vitabu vya namna mbili ambavyo watu huvichanganya. Kuna vya ziara ya shule, kama A School Like Mine kilichotolewa mwaka 2007 na kampuni ya vitabu ya DK kwa kushirikiana na UNICEF: mtoto, ramani ndogo, darasa lake, sare yake, vitu vyake, na maelezo mafupi yaliyotawanyika ukurasa mzima. Na kuna vya safari au shule zisizo za kawaida, kama The Way to School cha Rosemary McCarney na shirika la Plan International, cha mwaka 2015, chenye maneno machache sana na picha za watoto wakivuka mito na madaraja mabovu; au Off to Class cha Susan Hughes, cha mwaka 2011, chenye maelezo marefu zaidi na kinachomfaa mtoto anayeweza kusoma mwenyewe.

*Ukweli na heshima.* Watoto huiamini picha ya kamera. Mchoro wanauliza kama ni kweli. Picha wanauliza ni wapi. Kwa mambo ambayo maneno peke yake hayatoshi, hakuna kitu bora. Chukua shule za mashua za Bangladesh. Tangu mwaka 2002, shirika la Shidhulai Swanirvar Sangstha, lililoanzishwa na msanifu majengo Mohammed Rezwan, limekuwa likipeleka mashua kando ya mito katika maeneo yanayofurika. Mashua huwachukua wanafunzi mlango kwa mlango, kisha yenyewe inageuka darasa, na umeme wake unatoka kwenye jua. Mweleze mtoto hayo bila picha, atadhani unatunga. Mwonyeshe, ataanza kuuliza ubao unafungwa wapi mashua ikiyumba.

Lakini picha nayo imechaguliwa na mtu. Mpigapicha aliyetumwa kutafuta safari ngumu atarudi na safari ngumu, na siku za kawaida hazitaingia kitabuni. Ukikisoma peke yake kitabu cha madaraja yaliyokatika, mtoto anajenga ramani ya ajabu kichwani: nchi zenye shule na nchi zenye hatari. Wengi wa watoto wa nchi hizohizo wanatembea njia ya kawaida, wanachelewa kwa sababu ya kucheza njiani, na wanaogopa mtihani wa hesabu. Nikiwa na vitabu viwili vya aina hii mbele yangu, nachagua kile ambacho mtoto aliyevuka mto anaonyeshwa pia akiwa amefika, ameketi, ameshika kalamu.

Na picha huzeeka haraka. Waliopigwa picha mwaka 2007 leo ni watu wazima. Kompyuta za darasani zimebadilika, sare zimebadilika, pengine na shule yenyewe imepata ghorofa. Hilo halikiui kitabu, mradi mtu mzima aseme tangu mwanzo kwamba picha hizi ni za wakati ule.

*Kusoma kwa sauti.* Vile vya maelezo yaliyotawanyika havisomeki mwanzo hadi mwisho, na ukijaribu utachoka wewe kabla ya mtoto. Ni vitabu vya kulaliwa kifudifudi sakafuni, mtoto akionyesha kwa kidole na wewe ukijibu. The Way to School ni kinyume chake: maneno machache, picha kubwa, na hata mtu asiyekijua Kiingereza vizuri anaweza kukisimulia kizima.

*Kinamfaa nani.* Mtoto wa miaka sita na kuendelea anayependa habari za kweli kuliko hadithi, yule anayetaka kujua urefu, idadi na majina ya mahali. Watoto wengi ambao watu husema hawapendi kusoma wanapenda vitabu vya namna hii, na wanastahili kupewa.

Aina ya tatu: mtoto mmoja, shule moja

*Kinachoonyeshwa.* Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu ndiyo aina inayodharauliwa na mnunuzi anayehesabu nchi. Anaona kitabu kina nchi moja tu, anakiweka chini, anachukua chenye nchi ishirini.

Chukua Rain School cha James Rumford, cha mwaka 2010. Rumford aliwahi kufanya kazi Chad kama mfanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps, shirika la Marekani, na hadithi yake iko huko. Mvulana anayeitwa Thomas anakwenda shule siku ya kwanza akiwa na maswali tele. Anafika, hakuna darasa. Hakuna dawati. Yupo mwalimu tu, anawasubiri, na anawaambia kwamba watajenga shule yao, na hilo ndilo somo la kwanza. Wanafinyanga matofali ya udongo, wanainua kuta, wanatengeneza madawati ya udongo, wanaezeka kwa nyasi. Kisha wanasoma. Miezi tisa inapita, mvua kubwa zinakuja, na kuta zinayeyuka. Shule inarudi kuwa udongo. Lakini watoto wameshajua kusoma na kuandika, na msimu ukifika watajenga tena.

*Ukweli na heshima.* Angalia kilichofanyika hapo. Kitabu kimekubali kwamba shule ile ni ya udongo na kwamba haidumu. Hakikuficha chochote. Na bado mtoto anayesikiliza hamwonei Thomas huruma. Anamwonea wivu, kwa sababu Thomas amejenga shule kwa mikono yake. Kwa kigezo cha heshima, sijui njia nzuri zaidi ya kulionyesha jambo gumu kwa mtoto mdogo. Pia kalenda yake ni ya mahali pake: masomo yanafuata kiangazi, na mvua ndizo zinazofunga shule. Mtoto anajifunza jiografia bila mtu kulitaja neno hilo.

Mfano wa pili ni mpole zaidi: Elizabeti's School cha Stephanie Stuve-Bodeen, michoro ya Christy Hale, cha mwaka 2002. Kimewekwa Tanzania. Elizabeti anaifurahia sare mpya, anakwenda shule siku ya kwanza, kisha moyo unamrudisha nyumbani, na anaanza kufikiri kwamba pengine shule si kwake. Hatua kwa hatua anagundua kwamba alichojifunza kule kina kazi huku. Hakuna hatari, hakuna mto wa kuvuka. Kuna woga wa siku ya kwanza tu, ambao mtoto wa Oslo na wa Lima wanaufahamu vilevile. Na kwa msomaji wa Kiswahili ni jambo la furaha kukiona kitabu kilichotolewa mbali kikiwa na maneno ya lugha yake, huku mtoto wa nchi yenye Kiswahili akiwa ndiye mwenye hadithi.

Udhaifu wa aina hii ni mmoja na ni wa kweli: nchi moja ni nchi moja. Ukimsomea mtoto Rain School peke yake kama "kitabu cha Afrika", umemkosea Rumford na umeikosea Chad. Hadithi inahitaji jirani yake rafuni.

*Kusoma kwa sauti.* Bora kuliko zote kwa wakati wa kulala. Kuna mwanzo, kuna wasiwasi, kuna mwisho. Kuisimulia kwa Kiswahili ni rahisi kwa njia tofauti na aina ya kwanza: huhitaji kutafsiri kila sentensi, kwa sababu tukio lenyewe linakuongoza, na msimulizi hodari ataongeza sauti za mvua na vishindo vya matofali. Hadithi kama hizi hazizeeki, na zinavumilia kurudiwa hadi mtoto akusahihishe ukiruka mstari.

*Kinamfaa nani.* Mtoto wa miaka minne hadi minane, na hasa anayekaribia kuanza shule. Kinamfaa pia mtoto aliyehama, aliyeingia shule mpya katikati ya mwaka: kumfuata mtu mmoja hadi mwisho kunampa mwenzi, jambo ambalo orodha ya nchi haiwezi kumpa.

Aina ya nne: hadithi za kweli za waliozuiwa

*Kinachoonyeshwa.* Nasreen's Secret School cha Jeanette Winter, cha mwaka 2009, kiko Herat, Afghanistan, katika miaka ambayo Taliban walikataza wasichana kusoma. Baba wa Nasreen amechukuliwa na askari, mama amekwenda kumtafuta, na mtoto ameacha kusema. Bibi yake, ambaye ndiye anayesimulia, anampeleka katika shule ya siri. Siku askari anapogonga, anawakuta wasichana wanasoma Kurani tu, madaftari yamefichwa.

Kingine ni Malala's Magic Pencil, cha mwaka 2017, alichokiandika Malala Yousafzai mwenyewe, michoro ikiwa ya Kerascoët. Kinaanza na msichana wa Bonde la Swat, Pakistan, anayetamani penseli ya ajabu, na kinaishia na msichana aliyegundua nguvu ya kuandika. Shambulio la mwaka 2012 lililokaribia kumuua halikuchorwa. Maneno machache kwenye ukurasa wenye giza yanasema kwamba walijaribu kumnyamazisha na hawakuweza. Mwaka 2014, akiwa na miaka 17, alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

*Ukweli na heshima.* Hakuna mtoto wa vitabu hivi anayengoja kuokolewa. Bibi anaamua, Nasreen anajifunza, Malala anaandika. Kwa upande huo vimesimama imara. Hatari iko kwa nchi, si kwa mtoto: msikilizaji ambaye hajawahi kusikia lolote lingine kuhusu Afghanistan atabaki na askari mlangoni na basi. Kama unaweza, mtangulizie au mfuatishie kitu kingine cha huko, hata kama ni picha za watoto wakirusha tiara.

Kuhusu kuzeeka, hapa mambo yamekwenda kinyume na matumaini. Kitabu cha Winter kilipotoka kilionekana kusimulia yaliyopita, kwa kuwa utawala wa kwanza wa Taliban uliisha mwaka 2001. Waliporudi madarakani Agosti 2021, wasichana wakazuiwa tena kuendelea baada ya shule ya msingi. Mtoto akikuuliza kama siku hizi wanaruhusiwa, itabidi umjibu ukweli, kwa hiyo usianze kukisoma kama hujajiandaa kujibu.

*Kusoma kwa sauti.* Maneno ni mepesi, sentensi ni fupi, lakini si kitabu cha kusoma dakika tano kabla ya kuzima taa. Acha muda wa maswali baada yake. Kukisimulia kwa Kiswahili kunakupa pia uhuru wa kuchagua uzito wa neno kwa kadiri ya mtoto aliye mbele yako, na uhuru huo utumie kwa uangalifu, bila kugeuza hadithi.

*Kinamfaa nani.* Miaka saba au minane kwenda juu, na mtoto aliyeanza kusema "si haki". Kwa aliyewahi kupoteza mzazi au kukimbia vita, kisome kwanza wewe peke yako hadi mwisho. Kuna watakaopata faraja kwamba mwenzao aliyenyamaza alizungumza tena. Kuna ambao ukurasa wa baba kuchukuliwa utakuwa mzito mno, nao watasubiri.

Kama huwezi kununua, au unataka kilichokwisha andikwa kwa Kiswahili

Zipo maktaba za mtandaoni zinazotoa hadithi za picha bila malipo. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi nyingi za lugha za Afrika, Kiswahili kikiwemo. StoryWeaver, ulioanzishwa na Pratham Books ya India mwaka 2015, nao una lugha nyingi. Leseni zao zinaruhusu kupakua, kuchapisha na hata kutafsiri. Ubora wa michoro unapanda na kushuka, na hutapata kule kitabu kikubwa cha kulinganisha nchi saba. Lakini utapata hadithi za mtoto mmoja kwa wingi, zilizoandikwa na watu wa mahali hapohapo, na ukizipima kwa kigezo cha heshima, "wewe" wa humo kwa kawaida ni mtoto wa kwao. Ukichapisha tatu au nne za nchi tofauti na kuzishona pamoja, umejitengenezea kitabu cha aina yako.

Uamuzi kwa kufuata hali yako

Mtoto anaanza shule karibuni na ana wasiwasi: chukua hadithi ya mtoto mmoja, ya upole, ya woga wa kawaida. Achana kwa sasa na vitabu vya safari za hatari; vinamwongezea jambo la kuogopa ambalo hakuwa nalo. Mambo ya nchi ishirini yanaweza kusubiri hadi atakapozoea darasa lake moja.

Una watoto wawili wa umri tofauti na fedha ya kitabu kimoja: kitabu cha ubavu kwa ubavu kinagawanyika vizuri. Mdogo atatazama michoro ya chakula na nyumba, mkubwa atasoma majina na kuwatafuta kwenye ramani. Ugomvi utakuwa wa nani amechagua mtoto yupi wa kumfuata leo.

Wewe ni mwalimu na unahitaji somo la wiki nzima: anza na kitabu cha ubavu kwa ubavu ili darasa lipate maswali, kisha lete hadithi moja kamili katikati ya wiki ili lipate mtu wa kumjali. Ukiweza kuazima cha picha za kamera, kiache mezani wakati wa mapumziko bila kukifundisha. Na kabla ya yote hayo fungua ukurasa unaoonyesha eneo wanakotoka wanafunzi wako mwenyewe, au la karibu nalo. Hilo ndilo unaloweza kulikagua kwa macho yako. Kitabu kilichokosea pale ambapo unapajua kimekosea na kwingine ambako hupajui.

Mtoto wako hapendi hadithi: mpe picha za kamera, usimlazimishe kusoma kwa mpangilio.

Mtoto amehamia nchi mpya, au darasani kwake amekuja mgeni: tafuta hadithi ya nchi anayotoka mgeni, lakini iliyo na siku ya kawaida ndani yake. Kitabu cha vita au cha kukatazwa shule kikiwa ndicho cha kwanza kufunguliwa mbele ya wenzake, mgeni atajikuta anaulizwa mambo ambayo pengine hataki kuyazungumza siku ile.

Mtoto ameanza kusikia habari za vita na za wasichana wanaozuiwa shule, na anauliza: usimfiche. UNESCO mwaka 2023 ilikadiria kwamba watoto na vijana milioni 250 duniani hawako shuleni, na namba hiyo haimwambii kitu mtoto wa miaka minane. Nasreen atamwambia. Kisome mchana, siku ambayo hamna haraka ya kwenda popote, na kama una nafasi ya kuchagua kitabu cha pili cha kuweka kando yake, kiwe Rain School.